Alikawia, akafika: nyimbo za Alejandro Escovedo

Aprili 2005 gazeti la New York Times lilitoboa siri ndogo ya Ikulu ya Marekani: nyimbo zilizokuwa kwenye iPod ya Rais George W. Bush. Rais alizisikiliza akiendesha baiskeli, na waliomjazia walikuwa wasaidizi wake. Humo mlikuwa na George Jones, Alan Jackson na Kenny Chesney, watu wa kantri ambao ungetarajia kuwakuta kwa bwana wa Texas. Mlikuwa pia na kibao kiitwacho "Castanets", na hapo wasomaji wengi wakabaki kuulizana: huyu Alejandro Escovedo ndiye nani?

Mwenyewe hakuichukua habari hiyo kuwa heshima. Aliutoa wimbo huo kwenye maonyesho yake, akakaa muda mrefu bila kuugusa. Yeye na siasa za Bush walikuwa hawapikiki chungu kimoja, hilo halikuwa siri. Lakini ukirudi nyuma kidogo utaona kuna zaidi ya siasa. Aprili 2003, miaka miwili kabla ya habari ile, Escovedo alikuwa Tempe, Arizona, na mchezo wa jukwaani alioutungia nyimbo. Usiku huo akaanguka, anatapika damu. Ini lilikuwa limeliwa na homa ya ini aina ya C. Madaktari walikwisha kumwambia miaka ya nyuma kwamba anavyo virusi hivyo, naye akaendelea na chupa na safari. Na bima ya afya hakuwa nayo. Katika nchi ambako wengi hupata bima kupitia kwa mwajiri, mpiga gitaa anayelala hoteli moja leo na nyingine kesho hana mwajiri, na akiugua anajijua mwenyewe.

Waliomwokoa ni wanamuziki wenzake. Harambee zilifanyika mji hadi mji, na mwaka 2004 ikatoka albamu ya CD mbili, "Por Vida", ambamo wengine wanaimba nyimbo zake ili kumlipia hospitali. Tazama waliojitokeza: Lucinda Williams, Steve Earle, John Cale aliyekuwa Velvet Underground, Ian Hunter wa Mott the Hoople, Calexico, Cowboy Junkies, Jayhawks. Jay Farrar aliwakusanya wenzake wa Son Volt waliokuwa wametawanyika kwa miaka ili warekodi wimbo mmoja tu kwa ajili ya mgonjwa huyo. Watu wa aina hii hawachangii kwa huruma peke yake. Walikuwa wanalipa deni, maana kila mmoja wao alikuwa mwanafunzi wa nyimbo hizo au alitamani angezitunga yeye.

Ndiyo hali ya Escovedo tangu zamani. Wanamuziki wanamjua, wachambuzi wanamsifu, na duka la muziki halijui limweke rafu gani. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba ubora wake na kutojulikana kwake vimetoka mahali pamoja: alichelewa. Alishika gitaa akiwa mtu mzima, akaanza kuandika nyimbo akiwa amevuka miaka 30, akatoa albamu ya kwanza yenye jina lake akiwa na miaka 41. Biashara ya muziki imejengwa juu ya vijana. Yeye alifika na mambo ya watu wazima, kama vile ndoa iliyovunjika, kifo, baba anayezeeka na mtoto anayeuliza maswali.

Bendi ya filamu

Alizaliwa San Antonio, Texas, mwaka 1951, mmoja wa watoto 12 wa Pedro Escovedo, fundi bomba aliyekuwa pia bondia na mwimbaji wa mariachi. Alipokuwa mdogo wazazi waliwaambia watoto kwamba familia inakwenda California kwa likizo. Wakaacha vitu vyao nyumbani, wakaingia barabarani, na hawakurudi tena. Escovedo amekisimulia kisa hicho mara nyingi, na anayekijua hashangai kwamba nyimbo zake zimejaa watu wanaoondoka bila kuaga sawasawa.

Muziki ulikuwa kwenye damu. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na kaka zake Pete na Coke walikuwa wapiga ngoma wakubwa waliopita katika bendi ya Santana. Sheila E., yule aliyetamba na Prince miaka ya 1980, ni binti wa Pete, kwa hiyo Alejandro ni baba yake mdogo. Mdogo wake Javier alikuwa katika bendi ya panki ya Zeros. Katika nyumba kama hiyo ungetegemea kijana aanze kupiga ala kabla hajaota meno. Yeye hakuanza. Alisikiliza na kununua sahani za santuri, akaenda kwenye maonyesho, na ndoto yake ilikuwa filamu.

Gitaa lilikuja kwa ajali. San Francisco, katikati ya miaka ya 1970, yeye na rafiki zake walitaka kutengeneza filamu kuhusu bendi isiyojua kupiga muziki. Wachezaji hawakupatikana, wakajipanga wenyewe kuwa bendi hiyo, na kutojua kwao hakukuwa kwa kuigiza. Filamu ikafifia, bendi ikabaki, ikaitwa Nuns. Alikuwa na miaka 24. Tarehe 14 Januari 1978 Nuns walifungua pazia pale Winterland, San Francisco, usiku ambao Sex Pistols walipiga onyesho lao la mwisho kabla ya kusambaratika. Baadaye mwaka huohuo alikuwa New York, mpangaji wa Chelsea Hotel, wakati Nancy Spungen, mpenzi wa aliyekuwa mpiga besi wa Sex Pistols, alipokutwa amekufa katika hoteli hiyo. Miaka 30 ilipita kabla hajaliandikia tukio hilo wimbo. Ndivyo alivyo: jambo hukaa naye mpaka liive.

Kisha ikaja Rank and File, bendi aliyoianzisha na ndugu wawili, Chip na Tony Kinman. Wote walitoka kwenye panki, wakaamua kupiga kantri. Albamu yao "Sundown" ilitoka mwaka 1982, na kwa wakati ule ilikuwa kama kituko. Vijana wa panki waliona kantri ni muziki wa wazee na wabaguzi, nao watu wa kantri wakawaona panki kuwa wahuni. Bendi ilihamia Austin, Texas, na Escovedo akawa amerudi katika jimbo alilozaliwa. Hapo akaunda True Believers pamoja na mdogo wake Javier na baadaye Jon Dee Graham. Magitaa matatu mbele, yote yakinguruma. Na hapa ndipo alipoanza, mwishowe, kuandika nyimbo zake mwenyewe. Albamu ya kwanza ya True Believers ilitoka mwaka 1986. Ya pili ilirekodiwa, lakini kampuni ya EMI ikawatupa kabla haijatoka, na bendi ikafa. Kazi ile ilikaa kabatini mpaka 1994.

Msomaji wa Kenya hahitaji kufundishwa kantri ni nini. Amekua na Jim Reeves na Don Williams redioni, na Sir Elvis anazijaza kumbi za Nairobi kwa muziki huohuo. Ile sauti ya gitaa la stili, lile linalolazwa na kupigwa kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi, anaitambua akiwa usingizini. Kantri mbadala ni watoto watundu wa muziki huo, waliolelewa na Hank Williams mchana na Rolling Stones usiku, wasiotaka kofia kubwa wala tabasamu la Nashville. Wengi huhesabu mwanzo wake kuwa "No Depression", albamu ya Uncle Tupelo ya mwaka 1990, na jina hilo likachukuliwa na jarida lililoanzishwa Seattle mwaka 1995 ili kuwaandika wanamuziki wa aina hiyo. Kwa hesabu hiyo Escovedo alikuwa ametangulia kwa miaka minane. Waliokuja baadaye ndio waliopewa jina na soko.

Miaka kumi na mitatu

Baada ya True Believers kuvunjika alifanya kazi dukani, Waterloo Records ya Austin, akiuza muziki wa wengine. Kisha, mwaka 1991, msiba ukamkuta. Mkewe Bobbie, ambaye walikuwa wametengana, alijitoa uhai. Walikuwa na mtoto bado mchanga.

Albamu mbili zilizofuata, "Gravity" ya 1992 na "Thirteen Years" ya 1993, zilitoka kwenye shimo hilo. Zote mbili zilitolewa na Watermelon, kampuni ndogo ya Austin, na prodyuza alikuwa Stephen Bruton, mpiga gitaa aliyekuwa kwa miaka mingi na Kris Kristofferson. Jina la albamu ya pili ni urefu wa ndoa yao.

Ninazichukulia hizi mbili kama kitabu kimoja chenye juzuu mbili. "Gravity" bado inapigana. Wimbo wa kwanza, "Paradise", ni mwaliko wa kwenda kushuhudia watu wakinyongwa hadharani, nao unaimbwa kwa mwendo wa mtu anayekualika kwenye sherehe. "Bury Me" ni mtu anayetoa maelekezo ya maziko yake. "Five Hearts Breaking" ni wimbo wa baa, wa watu ambao kila mmoja ana jeraha lake. Na "Broken Bottle" inakaribia kuwa kimya. Hakuna anayelia kwa sauti humo. Anayeimba amekwisha kulia siku nyingi, sasa anahesabu kilichobaki.

"Thirteen Years" haipigani. Inafunguka kwa nyuzi, violini na sello, zikipiga kipande kifupi cha muziki kisicho na maneno, na kipande hicho kinarejea tena mbele ya safari. Msikilizaji wa kawaida anaweza kudhani ni pambo. Nilivyokisikia mimi, ni mtu anayerudi kwenye chumba kilekile kutazama kama kuna kilichobadilika. Kati ya vipande hivyo zipo nyimbo za gitaa zilizoandikwa kwa maneno machache sana. Hamtaji marehemu, wala hajisafishi. Wapo watunzi wa kantri ambao mke akiondoka huandika nyimbo kumi za kumlaumu. Escovedo ameandika albamu nzima ambayo lawama zote ziko upande wa anayeimba, na bado hajipigi kifua kwa toba. Albamu hii isikilizwe mara moja kwa mwezi, si zaidi. Na usiiweke kwenye gari.

Hapo ndipo kuchelewa kulipomlipa. Kijana wa miaka 22 akipatwa na msiba kama ule angeandika shairi la hasira, na pengine lingeuza. Mtu wa miaka 42 aliyekwisha kupita katika bendi tatu anajua kwamba hasira inachosha wasikilizaji kuliko inavyomchosha mwenyewe. Wahenga walisema kawia ufike, na sidhani walikuwa wanamfikiria mpiga gitaa wa Austin, lakini usemi umemkaa.

Sello na umeme

Jambo linalomtofautisha zaidi na kundi zima la kantri mbadala ni nyuzi. Wenzake waliongeza fidla ya kijijini, yenye harufu ya majani makavu. Yeye alileta sello na violini za watu waliosoma muziki darasani, akaziweka kati ya ngoma na magitaa ya umeme. Alikuwa na kikosi alichokiita Orchestra, ambacho kiliweza kujaza jukwaa zima pale Austin. Kwenye ziara kilipungua kulingana na mfuko, lakini sello ilibaki. Ulimwengu wa roki umewahi kutumia nyuzi mara nyingi kabla yake, ila kwa kawaida zilikuwa za kupaka sukari. Za Escovedo zinauma. Katika nyimbo za polepole zinakaa nyuma kama mtu anayesubiri zamu yake ya kusema. Wimbo ukichacha zinakwaruza, zinagombana na gitaa, na huwezi tena kutambua ipi ni ipi.

Kilele chake jukwaani kwa miaka mingi kilikuwa wimbo wa Stooges, "I Wanna Be Your Dog", kelele tupu za vijana wa Michigan za mwaka 1969. Yeye aliupeleka kwa violini na sello. Noti tatu zinazojirudia katika wimbo ule, ambazo kwa gitaa ni matusi, kwa sello zinakuwa kitu cha kutisha zaidi, kama zinatoka chini ya sakafu. Watu waliokuja kusikiliza nyimbo za huzuni walijikuta wamesimama juu ya viti. Kisha anashusha sauti, anakaa na gitaa la kawaida, na ukumbi unanyamaza tena. Ni wachache wanaoweza kufanya hivyo bila kuonekana wanafanya sarakasi.

Na kwa usiku ambao hakutaka nyuzi hata kidogo, alikuwa na bendi ya pembeni, Buick MacKane, iliyopewa jina la wimbo wa T. Rex, ya kelele peke yake. Albamu yao "The Pawn Shop Years" ya mwaka 1997 ni ya kufurahisha, lakini si lazima.

Mwaka 1996 kampuni ya Rykodisc ilitoa "With These Hands", na hapo ukoo uliingia studio: Pete na Sheila E. kwenye ngoma, pamoja na Willie Nelson kama mgeni wa heshima. Mwaka 1998 jarida la No Depression likamtangaza kuwa msanii wa muongo, huku muongo wenyewe ukiwa bado na miaka miwili mbele. Mtu angedhani sasa mlango umefunguka. Haukufunguka. Redio za kantri za Nashville hazikuwa na nafasi ya Mmeksiko mwenye sello. Redio za Kihispania hazikuwa na nafasi ya mtu anayeimba Kiingereza, na za roki zilikuwa zinatafuta vijana wanaofanana na Kurt Cobain. Watermelon ilifilisika. Ukifuata albamu zake unapita Rykodisc, Bloodshot ya Chicago, Back Porch, Manhattan, Fantasy, Yep Roc: mpangaji anayehamahama na virago vyake.

Tuwe wakweli pia: sehemu ya kosa ni yake. Sauti yake si kubwa. Haina kile chuma cha Steve Earle wala kilio cha Lucinda Williams, na kwenye rekodi yenye vyombo vingi inaweza kumezwa. Wimbo wake wa kwanza kwenye albamu mara nyingi si ule ambao mwenye redio angeuchagua. Na ana mazoea ya kurekodi upya nyimbo zake za zamani, mpaka asiyemjua hashiki ipi ndiyo yenyewe. "Bourbonitis Blues" ya 1999 ni mfano mzuri wa ukaidi huo. Ndani ya albamu moja utakuta wimbo wa Jimmie Rodgers, baba wa kantri, na wimbo wa Gun Club, wahuni wa Los Angeles, na wa John Cale, na wa Velvet Underground. Mimi naipenda kwa sababu hiyohiyo. Muuza duka aliichukia kwa sababu hiyohiyo.

Mkono wa baba

Kama kuna albamu moja ya kuanzia, ni "A Man Under the Influence" ya mwaka 2001, iliyotolewa na Bloodshot na kuprodyuziwa na Chris Stamey. Humo ndimo ilimo "Castanets" ya rais, wimbo wa magitaa mawili wenye kiburi cha Rolling Stones, ambao kwa kweli ndio mwepesi kuliko zote mle ndani. Uzito uko kwingine. "Wave" inafungua albamu kwa watu wanaopungiana mikono, wanaoondoka na wanaobaki, na hakuna anayeelezwa amekwenda wapi. "Rosalie" ni kisa cha wapenzi walioishi kwa barua, mmoja upande huu wa jangwa na mwingine upande ule. Mpangilio wake ni wa kawaida mno: gitaa, sauti za kupokea, jina la mwanamke linarudiwa. Halafu nyuzi zinaingia mahali ambapo mtunzi mwingine angeweka gitaa la kujionyesha, na unatambua kwamba jina lile limekuwa likiitwa kwa miaka, si kwa dakika nne za wimbo.

"Rosalie" ilitokana na "By the Hand of the Father", mchezo wa jukwaani uliotayarishwa Los Angeles, uliochanganya masimulizi, picha na nyimbo kuhusu baba wa Kimeksiko wa karne iliyopita waliovuka mto kutafuta kazi. Nyimbo zake zilitoka kama albamu mwaka 2002. Nyuma yake yupo Pedro mwenyewe. Alikuwa mtoto wa Saltillo, kaskazini mwa Meksiko, aliyeachwa kwa wazee wakati wazazi wake wakienda Texas. Akiwa bado mdogo akafunga safari ya kuwatafuta, akavuka mpaka. Mwanawe aliibeba hadithi hiyo miaka 50 kabla ya kuiweka kwenye nyimbo. Na ni mchezo huo alikuwa nao Arizona usiku ule wa 2003 damu ilipomtoka. Hadithi ya baba nusura iwe ya mwisho kwa mwana.

Alirudi studio kwa "The Boxing Mirror" ya mwaka 2006, John Cale akiwa prodyuza, akisindikizwa na violini ya Susan Voelz na sello ya Brian Standefer. Wimbo wa kwanza unaitwa "Arizona". Ni albamu ya mtu ambaye bado hana uhakika kama amepona, yenye vivuli vingi na sauti za mashine hapa na pale. Mwaka huohuo chama cha muziki wa Americana kikampa tuzo ya heshima ya maisha, aina ya tuzo ambayo mara nyingi hutolewa watu wakihofia kuchelewa.

Kisha, kinyume na matarajio, akawa na nguvu za kijana. "Real Animal" ya 2008, aliyoiandika na Chuck Prophet na kuprodyuziwa na Tony Visconti, yule wa David Bowie, ni maisha yake yote katika nyimbo za roki za haraka: Nuns, ndugu Kinman, Chelsea Hotel, hata ugonjwa. Aprili mwaka huo Bruce Springsteen alimwita jukwaani Houston wakaimba pamoja "Always a Friend" mbele ya uwanja uliojaa. Kwa dakika chache hizo alikuwa mahali ambapo vipaji vyake vilistahili kumfikisha tangu zamani. Baada ya hapo albamu mbili zilizofuata, "Street Songs of Love" na "Big Station", zina nyimbo nzuri, ingawa nazisikia kama za mtu anayebisha hodi kwenye mlango wa redio uliokwisha fungwa.

Mwaka 2014 yeye na mkewe wa sasa walinaswa na kimbunga Odile huko Baja California, wakiwa fungate. Walitoka salama, lakini mishtuko ikabaki naye, na muda si mrefu akahama maeneo ya Austin kwenda Dallas.

Albamu ya mwisho ambayo ningemgombania mtu ni "The Crossing" ya mwaka 2018. Aliirekodi Italia na bendi ya Don Antonio, wanamuziki wa huko waliokuwa wakimsindikiza kwenye ziara za Ulaya. Ni hadithi moja tangu mwanzo hadi mwisho: vijana wawili, Diego wa Meksiko na Salvo wa Italia, wanakutana wakifanya kazi katika mgahawa wa Galveston, Texas. Wanachowania si pesa. Wanaitafuta Marekani waliyoisikia kwenye sahani za panki na kuisoma kwa washairi. Wanaikuta nchi nyingine. Iliyotoka wakati Donald Trump akihubiri ukuta wa mpakani, albamu hiyo ingeweza kuwa hotuba, na kuna dakika mbili tatu inakaribia kuwa. Inaokolewa na ucheshi, na wazee wa roki walioalikwa, kina Wayne Kramer wa MC5 na James Williamson wa Stooges, ambao magitaa yao ndiyo hasa Marekani ambayo vijana wale waliiota. Mmoja wa nyimbo hizo unaitwa "Texas Is My Mother". Mama huyo hakuwa mpole.

Mwaka 2021 alitoa albamu ileile yote kwa Kihispania, "La Cruzada", kwa msaada wa mwimbaji Alex Ruiz. Alikuwa na miaka 70. Lugha ya wazazi wake aliifikia baada ya Kiingereza, baada ya panki, baada ya kila kitu. Katika toleo hilo Diego anasikika kama mtu aliyerudishiwa mdomo wake, na nyimbo ambazo kwa Kiingereza zilikuwa na maelezo mengi zinapungua uzito.

Ya karibuni ni "Echo Dancing" ya 2024, nayo ya Italia. Amechukua nyimbo zake za miaka yote akazivunjavunja, akaweka mashine za midundo na kibodi mahali pa magitaa. "Bury Me" ya 1992 imo, safari hii ikiimbwa na mtu mwenye miaka zaidi ya 70, na maelekezo ya maziko yamekuwa na maana ya vitendo. Nusu ya majaribio hayo yamenishinda. Nusu nyingine yananirudisha kwenye nyimbo za awali nikiwa na maswali mapya. Anayeanza leo asianzie huko. Aanze na "A Man Under the Influence", kisha "Gravity", kisha "The Crossing" akiwa na nafasi ya kuisikiliza yote bila kuruka wimbo, na "Thirteen Years" aiache mpaka atakapokuwa tayari.